Wimbo upi wa pop wa miaka ya 1990 ulikuwa mbovu kuliko zote, na kwa sababu gani?

#1 Kaseti ya Kariakoo (mtoa mada)

Heshima kwenu, wadau. Nimelibeba swali hili kwa muda mrefu na leo nalileta mbele yenu: katika nyimbo zote za pop za kigeni zilizotufikia Dar es Salaam kati ya mwaka 1990 na 1999, upi ulikuwa mbovu kuliko zote? Mimi nasema ni "Macarena", na nasema hivyo bila kusitasita. Mwaka 1996 wimbo huo ulikaa kileleni mwa chati ya Billboard ya Marekani kwa wiki 14, na huku kwetu sikumbuki harusi, kipaimara wala mahafali niliyohudhuria kipindi kile ambayo haikuupiga. Katika harusi ya dada yangu, Magomeni, niliuhesabu mara sita kabla keki haijakatwa.

Ubovu wake, kwa masikio yangu, ni kwamba hauendi popote. Unaanza na ngoma ya mashine na Kireno chake, unamaliza na ngoma ile ile na Kireno kile kile, na katikati msikilizaji hapewi kitu cha kusubiri. Naomba kila mchangiaji ataje wimbo mmoja na atoe sababu, kwa maana "siupendi" si sababu.

#2 DJ wa Harusi

Mtoa mada, kwanza turekebishe: ile si lugha ya Kireno, ni Kihispania. Los del Río ni wanaume wawili wa Dos Hermanas, karibu na Sevilla, ambao walikuwa wakiimba pamoja tangu miaka ya 1960. Toleo lao la kwanza lilitoka mwaka 1993 likiwa na mwendo wa kwao wa Andalusia, na lile lililotufikia sisi lilitengenezwa upya na Bayside Boys wa Miami, ambao waliongeza beti za Kiingereza. Hadithi yake ni ya msichana aitwaye Macarena anayemsaliti mpenzi wake Vitorino wakati kijana huyo anaingizwa jeshini. Nimeipiga miaka mingi mbele ya mashemeji, mapadri na mashehe kabla sijaujua ukweli huo.

Pamoja na hayo, siwezi kuuita mbovu. Nimekuwa nikipiga muziki harusini tangu mwaka 1995, na kazi ngumu kuliko zote usiku ule ni kuwanyanyua upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi, watu wasiojuana, wachanganyike. "Macarena" iliwanyanyua shangazi na mpwa wakafanya mwendo mmoja bila aibu. Wimbo unaofanya kazi uliyoitiwa si mbovu. Mbovu ni "Blue" wa Eiffel 65, ambao mwaka 1999 na 2000 vijana walikuwa wananiletea kwenye karatasi wakiuomba, na nikiuweka wanasimama katikati ya ukumbi hawajui miguu iende wapi.

#3 Kijana wa Sinza

Shikamooni wakubwa. Mimi nimezaliwa mwaka 1996, kwa hiyo nyimbo hizi nimezirithi kwa wajomba. Naona sababu ni nyepesi kuliko mnavyoieleza: mtu huuchukia wimbo uliomkuta akiwa ameshapita umri wa kucheza. Mjomba wangu anasema "Mambo No. 5" wa yule Mcuba Lou Bega uliharibu muziki, ilhali mimi nikiwa mtoto wa miaka mitatu au minne, kwa maelezo ya mama, nilikuwa naucheza mpaka nalala sakafuni. Wimbo ni ule ule, tofauti ni umri tu.

#4 Gita la Pili

Marahaba, mwanangu. Umempeleka mtoto wa Mganda akawe Mcuba, na hapo lazima nikurudishe. Jina la Lou Bega limetoka kwenye Lubega. Alizaliwa Munich, Ujerumani, baba yake akiwa Mganda na mama yake Mtaliani wa Sicilia. Mcuba ni Pérez Prado, aliyeitunga "Mambo No. 5" mwaka 1949, na hapo ndipo maumivu yangu yanapoanza.

Wengi wenu hamjaisikia ya Prado. Haina maneno ya maana. Yeye anaguna tu, na maguno yake yanawafungulia njia wapiga saksofoni, nao wanawajibu wapiga tarumbeta, mpaka unaona vyuma vinagombana na kupatana mbele yako. Muziki wa Cuba ndio uliowafundisha watu wa Kongo kupitia santuri za GV, ule mfululizo wa santuri za Cuba uliouzwa Afrika, na kutoka Kongo na kwenye santuri hizo hizo ukawafundisha wazee wetu wa dansi. Kwa hiyo niliposikia mwaka 1999 kwamba mambo imerudi, nilifurahi kama mtu aliyeambiwa babu yake amefika stesheni. Nilipoisikia, nikakuta tarumbeta zimekatwa vipande, zimepangwa juu ya ngoma ya mashine, na mahali ambapo ala zilikuwa zikizungumza pamejazwa orodha ya majina ya wanawake. Umri hauhusiki hapo. Babu alirudishwa bila ulimi.

Kuhusu umri wenyewe, mwaka 1990 nilikuwa na miaka 24, nilikuwa nacheza sana, na nilikuwa nalipwa kupiga gita la pili katika bendi ya hapa mjini. Mwaka 1996 tuliitwa kwenye harusi moja, ukumbi na wenyewe sitawataja, na wiki moja kabla kamati ikatuletea kaseti, ikasema inataka "Macarena" ipigwe kwa ala. Tuliishughulikia siku tatu mfululizo. Mpiga tarumbeta wetu hakupata pa kuingia, mpiga solo akawa anazunguka mahali pamoja, na mimi mkono uliniuma kwa kurudia kitu kimoja kisichonipa nafasi hata ya kugeuza. Usiku wa harusi tuliipiga vizuri kadiri ilivyowezekana, watu wakakaa, kamati ikaagiza kaseti iwekwe, watu wakasimama. Malipo yetu yalipunguzwa kwa maelezo kwamba hatukufanana na kaseti. Mwaka uliofuata bendi ilikuwa imekwisha. Sisemi wimbo mmoja uliiua, lakini nikiusikia hata leo vidole vyangu vinakumbuka.

#5 DJ wa Harusi

Pole sana, mzee wangu. Nimesoma bandiko lako mara mbili. Inawezekana mimi ndiye niliyeshika kile kiti chenu, maana ilikuwa rahisi kwa kamati kumlipa mtu mmoja mwenye kaseti mbili na spika nne kuliko kuwalisha na kuwasafirisha watu kumi na wawili. Hata hivyo, kosa hilo ni la mfuko wa kamati. Tusiuhukumu wimbo kwa bajeti ya harusi.

#6 Fundi Mitambo

Naomba niingie kwenye "Blue", kwa sababu DJ ametaja dalili bila kutaja ugonjwa. Mwaka 1997 kampuni ya Antares ya Marekani ilitoa programu ya Auto-Tune. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alitokea kwenye kazi ya kuchambua mawimbi ya sauti yanayotumwa ardhini kutafuta mafuta, na nia ya programu ilikuwa kumsaidia mwimbaji aliyekosea noti kidogo, msikilizaji asijue. Mwaka 1998 watayarishaji wa wimbo "Believe" wa Cher waliiweka kasi ya kurekebisha kwenye sifuri, sauti ikaacha kuteleza kutoka noti hadi noti na ikawa inaruka kama mtu anayepanda ngazi. Mwanzoni walificha walichofanya, wakadai ni mtambo mwingine. Mwaka uliofuata "Blue" ukavuma duniani na sauti iliyopitishwa mitamboni mwanzo hadi mwisho, na dunia nzima ikadhani huo ndio usasa.

Sasa fikirini kuhusu kuimba kwetu. Uzuri wa mwimbaji wa taarabu au wa dansi uko kwenye kuteleza huko huko: anaichelewesha noti, anaifikia kwa chini, anaiacha inywee. Ukiipitisha sauti ya Bi Kidude kwenye programu ile ikiwa kwenye sifuri, utabaki na noti bila Bi Kidude. Miaka iliyofuata nimekaa studio Kinondoni nikiwaona vijana wenye sauti nzuri wakiomba "niwekee ile", na niliwawekea kwa sababu ndiyo kazi iliyonilisha. Kwa hiyo kura yangu ni "Blue", ingawa "Believe" ndio uliotangulia kuvuma, kwa sababu Cher alikuwa na wimbo chini ya mtambo ule, na hawa wengine mtambo wenyewe ndio uliokuwa wimbo.

#7 Dada wa Upanga

Asante kwa somo, fundi. Mimi nataja "Barbie Girl" wa Aqua, wa mwaka 1997, na sababu yangu ni maneno.

Nilikuwa darasa la sita. Tuliuimba shuleni, kwenye basi la shule, na nyumbani mbele ya baba, ambaye alikuwa ananiomba nirudie kwa sababu alifurahi kwamba Kiingereza changu kimekuwa chepesi. Nilipofika sekondari nikayaelewa maneno yale, mwanasesere anayesema mvueni, mchezeeni, mpelekeni mnakotaka, nikakumbuka uso wa baba ukitabasamu, na nikaona haya ambayo hayajaniisha. Wimbo mbovu ni ule unaokuingia ukiwa hujui unachosema.

Najua utetezi wake. Mattel, wenye mwanasesere wa Barbie, waliishtaki kampuni iliyoutoa, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya Marekani ikasema wimbo ni dhihaka kwa Barbie na una haki ya kuwepo. Jaji akamalizia kwa kuzishauri pande zote mbili zitulie. Kisha mwaka 2009 Mattel hao hao wakautumia kwenye matangazo yao baada ya kubadilisha maneno. Inawezekana ni dhihaka kwa anayejua kinachodhihakiwa. Sisi hatukuwa na Barbie wa kumdhihaki. Tulikuwa na wanasesere wa vitambaa tuliowashona wenyewe kwa mabaki ya fundi cherehani, na wimbo ukatukuta hapo.

#8 Mwalimu wa Zamu

Dada yangu, naomba nikubishie kwa heshima, kwa sababu hoja yako nimeishi nayo darasani. Nimefundisha Kiingereza katika sekondari za jiji hili kuanzia mwaka 1991, na nimenyang'anya madaftari ya nyimbo yasiyo na idadi. Mnayakumbuka: daftari la kurasa 80, kava limebandikwa picha za magazeti, ndani maneno yameandikwa jinsi sikio lilivyoyapokea. Mwaka 1993 "Informer" wa Snow, yule Mkanada aliyekuwa kifungoni wimbo wake ulipoanza kupanda, ulikaa kileleni Marekani wiki saba, na wanafunzi wangu waliandika kurasa mbili za wimbo ule ambazo hazikuwa Kiingereza, Kiswahili wala lugha nyingine ninayoijua. Baadaye nikagundua kwamba wenyeji wa Kiingereza nao walikuwa hawaambulii kitu, na video yake ililazimika kutolewa ikiwa na maandishi ya maneno chini.

Lakini kama kutoelewa maneno ndiko kunakoufanya wimbo kuwa mbovu, tutafanyaje na Kilingala? Jiji hili limempenda Franco, limempenda Tabu Ley, limeicheza Wenge Musica mpaka alfajiri, na walioelewa neno kwa neno walikuwa wachache sana. Hatukuwahi kudai tafsiri. Sauti ilitutosha kwa sababu ndani ya sauti kulikuwa na mtu anayelalamika, anayebembeleza au anayejisifu, na sikio halihitaji kamusi kwa hayo. Kwa hiyo mimi nasema "Informer", na sababu yangu ni kwamba ukiyaondoa maneno yasiyosikika, chini yake humkuti mtu.

#9 Dada wa Upanga

Mwalimu, mfano wa Kilingala ni mzuri na unanipa shida. Lakini umewahi kuuliza Kilingala kile kilisema nini? Pengine nasi tungeona haya.

#10 Mwanasheria wa Ilala

Wadau, mnazunguka pembeni ya jambo kubwa, ambalo ni uaminifu. Wimbo mbovu ni ule uliojengwa kwa mali ya mtu mwingine. "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice, wa mwaka 1990, ulikuwa wimbo wa kwanza wa rap kufika kileleni mwa chati ya Billboard Hot 100, na kilichoufikisha huko ni mdundo wa besi wa "Under Pressure", ambao Queen na David Bowie waliutoa mwaka 1981. Majina yao hayakuwekwa mwanzoni. Mwimbaji alijitetea kwamba ameongeza noti moja, utetezi ambao haukumfikisha mbali, na hatimaye watungaji wa awali wakatambuliwa. Ongezeni hapo Milli Vanilli, walionyang'anywa tuzo ya Grammy mwaka 1992 baada ya kubainika kwamba sauti kwenye santuri hazikuwa zao.

#11 Kaseti ya Kariakoo (mtoa mada)

Mwanasheria, ni Novemba 1990, siyo 1992. Walipewa tuzo mwezi Februari na kunyang'anywa mwaka huohuo, baada ya mtayarishaji wao, Frank Farian, kukiri hadharani. Na wimbo wao "Girl You Know It's True" ulitoka mwaka 1988, kwa hiyo uko nje ya mpaka niliouweka.

Zaidi ya hapo, Farian ndiye huyo huyo aliyeiunda Boney M. Bobby Farrell, aliyekuwa akiruka mbele ya jukwaa, hakuimba kwenye santuri. Sauti nzito ya kiume ilikuwa ya Farian mwenyewe. Nionyesheni nyumba ya mjini hapa yenye redio kaseti ambayo haikuwa na Boney M siku ya Krismasi. Kama udanganyifu ndio ubovu, basi tuanze kwa kuzichoma kaseti za baba zetu, na mimi sipo tayari.

#12 DJ wa Harusi

Na wewe mtoa mada unayejiita Kaseti ya Kariakoo, tunajua kaseti za Kariakoo zilivyopatikana. Ulipeleka orodha yako ya nyimbo na kaseti tupu ya dakika 90, ukairudia jioni imejaa, na si Queen wala Vanilla Ice aliyeona senti. Sheria yetu ya hakimiliki na hakishiriki imetungwa mwaka 1999, muongo ulipokuwa unaisha.

#13 Mwanasheria wa Ilala

Nakubali kusahihishwa kuhusu mwaka. Kuhusu sheria, ile ya 1999 ilichukua nafasi ya sheria ya 1966, kwa hiyo haikuwa kwamba hatukuwa na sheria. Tulikuwa nayo na hatukuitii. Ila kurekodi kaseti na kujipachika utunzi ni makosa mawili tofauti, na la pili ndilo linaloingia ndani ya wimbo wenyewe.

#14 Mbagala Rangi Tatu

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mnazungumzia nyimbo kana kwamba zilitufikia zikitembea zenyewe. Kabla ya Radio One kuanza mwaka 1994, masikio ya wengi wetu yalikuwa chini ya Radio Tanzania, na tuliposikia wimbo wa kigeni ulikuwa umepita mikononi mwa mtu aliyeamua. Baada ya hapo stesheni zikaongezeka, saa za kujaza zikawa nyingi kuliko santuri zilizokuwepo, na wimbo mmoja ukawa unarudi asubuhi, mchana na jioni. Hata wimbo mzuri kuliko zote ungeoza kwa mtindo huo. Naamini "Macarena" ungepigwa mara moja kwa mwezi, mtoa mada angekuwa anauomba.

Na kuna upande wa pili unaoniuma zaidi. Remmy Ongala aliimba "Mambo kwa Soksi" akiwaambia wanaume watumie kondomu, wakati ambapo tulikuwa tunazika kila wiki mtaani kwetu, na redio ya taifa ikakataa kuupiga kwa sababu ya lugha yake. Mimi nimezika kaka wawili katika muongo huo. Siwezi kuusikiliza wimbo wowote wa kuchezesha mikono wa miaka ile bila kufikiria ni wimbo gani ungeweza kuwekwa mahali pake.

#15 Mwalimu wa Zamu

Pole sana, ndugu yangu. Darasa langu la mwaka 1992 nalo lina mapengo.

#16 Kijana wa Sinza

Poleni, wazee wangu. Naondoa neno langu kwamba ni umri tu, ingawa bado naamini umri umo. Naomba kuuliza jambo moja: nimesoma mahali kwamba "Ice Ice Baby" ulikuwa na toleo la Kiswahili. Ni kweli?

#17 Gita la Pili

Ni kweli kabisa. Saleh J aliutia Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990, na watu wengi wanaposimulia rap ya Kiswahili ilivyoanza wanaanzia kwake. Mwanasheria anasema wimbo ule ulikuwa wa wizi, nami sibishi, lakini mdundo ule ule wa besi ulipofika hapa ukawaonyesha vijana kwamba lugha yao inaweza kukaa juu yake. Sisi wa bendi tulikasirika wakati ule. Leo nikiulizwa kama nyumba iliyoingiwa kwa mlango wa wizi inaweza kuzaliwa mtoto halali, nitasema nimemwona.

#18 Mwanasheria wa Ilala

Mzee, hapo umenigusa. Lakini mtoto kuwa halali hakumwondolei mwizi kosa, wala hakuufanyi wimbo wa Vanilla Ice uwe mzuri.

#19 Fundi Mitambo

Kuna mwenye kaseti ya Saleh J iliyo nzima? Ninazo zana za kuihamishia kwenye kompyuta bila malipo, na ningependa tuisikilize pamoja na ule wa Kimarekani, kisha turudi hapa tukiwa na masikio mapya.

#20 Kaseti ya Kariakoo (mtoa mada)

Ninayo, imo ndani ya boksi la viatu, Tandika kwa mama. Upande A unacheza, upande B utepe umeganda na nikiugeuza kwa kalamu ya biki unakataa kwenda. Kura yangu bado iko kwa "Macarena", DJ asijidanganye. Fundi, Jumamosi naweza kukuletea Kinondoni kabla ya saa sita mchana, ila nitakaa hapo hapo mpaka umalize, sitaiacha.